Kengele ya Freretown na Wimbo wa Jubilei Yetu



Jinsi kwaya hii ilivyoanza mwaka 1975, nani alipiga ngoma ya kwanza, na zile sare za zambarau zilishonwa wapi, mtasoma katika ukurasa wa mwenyekiti. Sisi tuliopewa kurasa hizi tumeombwa tueleze jambo moja tu: kwa nini wimbo mkuu wa leo unahusu Freretown, mahali palipo karibu kilomita 500 kutoka hapa, ambapo wengi wetu wa Kawangware, Kangemi na Uthiru tumepaona kupitia dirisha la basi tukienda Bamburi.

Sababu ya kwanza ni hesabu. Freretown ilianzishwa mwaka 1875. Sisi tunatimiza miaka 50, wao wametimiza 150. Sababu ya pili ni ndefu zaidi, na inaanzia kwenye redio.

Mwezi Februari mwaka 2025 alifariki Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji. Kwa wenye umri wa wazazi katika kwaya hii hakuna haja ya kueleza zaidi. Kipindi chake cha “Je, Huu ni Ungwana?” kilitulea, watoto wengi wa jiji hili walifundishwa kutema mate mbali na watu na Mambo Mbotela kabla ya kufundishwa na mama zao. Ni yeye pia ambaye, alfajiri ya tarehe 1 Agosti 1982, askari waasi walimtaka atangaze hewani kwamba serikali imepinduliwa. Sauti yake tuliijua kama tunavyojua sauti ya mjomba. Lakini tulipozungumza habari zake baada ya mazoezi, vijana wengi wa sauti ya tatu walikuwa wanasikia kwa mara ya kwanza kwamba alizaliwa Freretown, na kwamba mababu zake walikuwa Wayao waliotekwa upande wa Ziwa Nyasa wakauzwa.

James Juma Mbotela, wa ukoo wake, aliyaandika hayo katika kitabu kidogo, “Uhuru wa Watumwa”, kilichotoka mwaka 1934. Ni miongoni mwa hadithi ndefu za mwanzo kabisa za Kiswahili kupigwa chapa zikiwa zimetungwa na Mwafrika. Wa ukoo uo huo alikuwa Tom Mbotela, kiongozi wa KAU aliyeuawa hapa Nairobi Novemba 1952, wakati wa Hali ya Hatari. Kila siku makondakta wa Jogoo Road wanaita “Mbotela! Mbotela!” na abiria wanashuka. Jina hilo lilitoka wapi likafika kwenye mdomo wa kondakta, wachache wanauliza.

Basi tulianza kuuliza sisi.

Mwaka 1872 Sir Bartle Frere alitumwa na serikali ya Uingereza kwenda Unguja kumshinikiza Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa. Mwezi Juni 1873 mkataba ulitiwa sahihi na soko la Mkunazini likafungwa. Zingatieni maneno: kilichokatazwa ni kusafirisha watumwa kwa bahari na kuwauza sokoni. Kumiliki mtumwa hakukukatazwa. Huko Unguja hali ya utumwa iliendelea kutambuliwa na sheria hadi 1897, na katika ukanda wa pwani ya Kenya hadi 1907. Yaani reli ilikuwa imekwisha kufika hapa Nairobi, mwaka 1899, na huko ilikoanzia mtu bado aliweza kuwa mali ya mtu.

Meli za Kiingereza zilipokamata majahazi yenye watumwa, swali lilikuwa: hawa watu wapelekwe wapi? Nyumbani kwao kulikuwa mbali, njia ilikuwa ile ile ya watekaji, na wengi walikuwa watoto. Kwa miaka mingi baadhi yao walipelekwa Bombay, na kutoka huko kwenye shule ya misheni karibu na mji wa Nasik. Mwaka 1875 Chama cha Misheni cha Kanisa, yaani CMS, chini ya W. S. Price aliyekuwa amefanya kazi hiyo hiyo Nasik, kilinunua ardhi ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, upande wa Kisauni, kikapaita kwa jina la Frere. Hapo waliokamatwa baharini wakashushwa. Palijengwa nyumba, shule, mashamba na kanisa. Na pakatundikwa kengele. Iliita watu kwenye ibada, na iligongwa pia kuonya kwamba kuna hatari, kwamba wenye kuwinda watu wameonekana. Waswahili wa pale wakapaita Kengeleni, na mpaka leo matatu za Mombasa zinapaita hivyo.

Hadi hapa ndiyo hadithi inayopendwa. Mzungu mwema, meli, kengele, kanisa. Mtu angeweza kuitungia wimbo wa beti tatu na kiitikio akamaliza. Tunakiri tunaipenda sana hadithi hii makanisani, kwa sababu sisi ndio tunaotoka vizuri ndani yake. Sasa tuieleze ilivyokuwa.

Kwanza, Freretown haikuanzishwa na Wazungu peke yao. Zaidi ya miaka kumi kabla ya Price, vijana waliosomeshwa Nasik walikuwa wamekwisha kurudi pwani wakafanya kazi Rabai, kwa mzee Rebmann. Majina yao ni William Jones, Ishmael Semler na George David. Wote waliwahi kuwa watumwa utotoni. Watu waliwaita Wabombay. Walijua Kiingereza na Kiswahili, walijua kusoma na kujenga, na bila wao Price asingekuwa na walimu wala mafundi. Jones na Semler waliwekwa mikono na Askofu James Hannington mwaka 1885.

Habari za Hannington zinajulikana: aliuawa Busoga Oktoba mwaka huo huo, akielekea Uganda. Makanisa na shule zimepewa jina lake. Mwenzake wa safari alikuwa Padri William Jones. Msafara ulitoka Rabai ukapita Umasaini na nchi ya Wakikuyu, ambako chakula kilipatikana kwa shida, ukafika Kavirondo. Askofu akatangulia na kikosi kidogo, Jones akabaki nyuma na watu wengi zaidi kungoja habari. Habari zilipofika, ni yeye aliyewarudisha watu hao kwa miguu hadi pwani, safari ya wiki nyingi. Waliingia Rabai mapema mwaka 1886 na bendera ya buluu iliyoandikwa neno moja kwa rangi nyeupe: Ikabodi, jina la yule mtoto wa Samweli wa Kwanza aliyezaliwa siku ya msiba. Mtu aliyeuzwa akiwa mtoto aliwaongoza watu waliofiwa kupita nchi ambayo leo ni mitaa yetu na mashamba ya jirani zetu, akawafikisha nyumbani. Hatujakutana na shule ya Nairobi yenye jina lake.

Pili, si wote waliookolewa na meli. Mzee mmoja wa sauti ya nne, ambaye mama yake alitoka upande wa Rabai, alitusikiliza kwa muda mrefu katika mazoezi kisha akasema: “Babu yetu hakuokolewa na mtu. Alitoroka.” Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Katika miaka ya 1870 na 1880 maelfu ya watumwa wa mashamba ya Malindi, Takaungu na Mombasa walitoroka wakajenga vijiji vyao wenyewe msituni. Waliitwa watoro. Kijiji kimoja, Fuladoyo, kililelewa na Wagiriama waliokuwa wamepokea Ukristo, na kiongozi wake, David Koi, aliuawa mwaka 1883. Wapo wanaomhesabu kuwa shahidi wa kwanza wa Kanisa katika nchi hii.

Watoro wengine walikimbilia Rabai, ambako Jones aliwapokea ingawa misheni ilikuwa imeahidi wenye watumwa kwamba haitafanya hivyo. Jambo lilipofichuka mwaka 1888, pwani nzima ikachemka. Ili vita visizuke, George Mackenzie wa kampuni ya IBEA alilipa mabwana, na Januari 1889 watu wapatao 1,400 wakapewa hati za uhuru pale Rabai. Lakini uhuru huo walikuwa wameshauchukua kwa miguu yao, hati iliwafuata.

Tatu, Freretown haikuwa paradiso. Wapo wanaotaka tuliache hili, kwa kuwa leo ni siku ya sherehe. Mwanzoni mwa miaka ya 1880, chini ya msimamizi aliyeitwa J. R. Streeter, watu walichapwa viboko na kufungwa pale pale Freretown, chini ya kengele ile ile, hadi malalamiko yakafanyiwa uchunguzi. Wachungaji na walimu Waafrika walilalamika miaka mingi kuhusu mishahara na jinsi walivyotendewa. Ardhi iliandikwa kwa jina la misheni, si la waliokata miti na kulima. Na serikali ya kikoloni ilipofuta hali ya utumwa mwaka 1907, fidia ilikwenda kwa mabwana. Waliokuwa watumwa hawakulipwa kitu. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya hati za ardhi pwani, na waliokuwa watumwa wengi, bila karatasi, wakajikuta maskwota kwenye udongo waliokuwa wameufanyia kazi maisha yao yote. Anayeshangaa kwa nini suala la ardhi pwani haliishi, aanzie hapo.

Nne ni ugumu wa neno “Mwarabu”. Rasimu moja ya wimbo wetu ilikuwa na ubeti ambamo Mwarabu anateka, Mwafrika analia na Mzungu anafungua pingu. Ulikuwa na lahani nzuri sana, lazima tuseme. Tulibishana juu yake Jumamosi tatu. Kweli wenye mashamba makubwa na majahazi wengi walikuwa Waarabu na Waswahili. Lakini watekaji wa bara walikuwa pia wakuu wa Kiafrika waliouza watu wa jirani zao kwa nguo na bunduki. Mitaji ilitoka kwa wafanyabiashara Wahindi wa Unguja, meno ya ndovu yaliyobebwa na watumwa yaliishia kuwa vitufe vya piano Ulaya na Marekani, na karafuu zilinunuliwa na kila mtu. Piano tunayoitamani ya kanisa jirani, ile ya zamani, huenda nayo ina habari zake.

Na sisi wa huku magharibi ya Nairobi hatukuwa nje. Ngong na Dagoretti zilikuwa vituo vya misafara ya kutoka pwani, na miongoni mwa wapagazi walikuwamo watumwa ambao sehemu ya mshahara wao ilikwenda kwa bwana aliyebaki Mombasa. Katika njaa kuu ya 1898 na 1899, ambayo wazee wa Kikuyu waliiita Ng'aragu ya Ruraya, familia zilizokosa chakula ziliwaweka wasichana na wanawake rehani kwa waliokuwa nacho. Wengine walikombolewa baadaye. Wengine hawakurudi. Wamijikenda walifanya vivyo hivyo katika njaa za miaka ya 1880, na watoto wengine walioachwa rehani waliishia kuuzwa. Rehani si sawa na soko la Mkunazini. Lakini ukiwa ni wewe msichana mwenyewe, tofauti hiyo inaanza kuonekana lini?

Kuna jirani zetu Waislamu ambao kila mwaka hutuazima viti vya harambee, na leo mmekalia baadhi yake. Ubeti ule tungeuimba mbele yao tukiwatazama usoni? Tuliamua kwamba ubeti usioweza kuimbwa mbele ya jirani una kasoro, na kwamba dawa yake si kunyamaza. Dawa ni kutaja mambo yote pamoja na majina.

Hapa tunafika kwa wale ambao tunadhani wanastahili pongezi kuliko sisi: watu wa kawaida wanaoitunza historia hii isipotee wala isipambwe. Freretown, wazao wa walioshushwa pale wameendelea kusali katika Kanisa la Emmanuel na kuwasimulia watoto wao majina, huku mji ukiwazunguka kwa maduka na magorofa. Kengele imesimama katika mnara wake kando ya barabara ya Malindi, na magari yanapita usiku na mchana. Rabai kuna makumbusho katika kanisa la kale la misheni. Shimoni, katika Kaunti ya Kwale, wanakijiji wenyewe wanasimamia pango linalosemekana kufungiwa watumwa. Mgeni analipa kiingilio na fedha inasaidia kijiji.

Tumesema “linalosemekana” kwa makusudi. Watafiti wanasema mapango ya Shimoni yalikuwa pia maficho ya wenyeji wakati wa mashambulizi, na mahali pa ibada za wazee. Kule Unguja, kanisa kuu la Kianglikana lilijengwa juu ya uwanja wa soko lenyewe, jiwe la msingi likiwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873. Hilo halina ubishi. Lakini vile vyumba vya giza chini ya jengo la St Monica, ambavyo wageni huonyeshwa kuwa mahabusu ya watumwa, baadhi ya wanahistoria wanaona vilijengwa baada ya soko kufungwa. Mwaka 2016 ulifunguliwa pale ukumbi wa maonyesho wenye maelezo yaliyofanyiwa utafiti, na sisi tunaona hiyo ni kazi njema kuliko giza la vyumba. Biashara yenyewe ilikuwa ya kutisha kiasi kwamba haihitaji kuongezewa chumvi. Chumvi ikigunduliwa, mwenye kutaka kukana kila kitu anapata pa kusimamia.

Hata kitabu cha Mbotela tunakisoma hivyo. Kinawasifu Waingereza kuliko wanavyostahili, na wahakiki wamelisema hilo tangu zamani. Aliandika chini ya ukoloni, kwa wachapaji wa London, na wokovu wa watu wake ulikuwa umekuja kwa meli yenye bendera ile. Hatuwezi kumlaumu kwa shukrani yake. Wala hatulazimiki kuimba shukrani hiyo kama alivyoiandika.

Swali moja lilitushughulisha kuliko yote: kwa nini sisi, kwaya ya Kanisa lililopokea mengi kutoka Freretown, tulikuwa hatujui? Maana tulipokea kweli. Walimu na wainjilisti wa mwanzo waliopeleka shule na nyimbo za Kiswahili bara, wengi walitoka Freretown na Rabai. Chuo cha kuwafundisha wachungaji kilianza Freretown mwaka 1903, kikahamia Limuru mwaka 1930. Ndicho Chuo Kikuu cha St Paul's, ambacho baadhi ya vijana wetu wanasoma sasa hivi, mwendo mfupi tu kutoka hapa.

Mama mmoja wa sauti ya pili alitupa jibu. Alisema nyumbani kwao jambo hili lilijulikana na halikusemwa. Mtu akija kuposa, wazee wanauliza: kabila gani? Ukoo gani? Mbari gani? Mwenye jina la Kiingereza la ubatizo lililogeuka kuwa la ukoo, asiye na kijiji cha mababu wala lugha yao, anajibu nini? Waliitwa Wamisheni. Ukisema Wamisheni, anayejua pwani anaelewa mara moja, na uso wake unabadilika kidogo. Mama yake alimfundisha kusema “sisi ni watu wa Mombasa” na kuishia hapo. Alisema hivyo kwa miaka arobaini, ofisi hadi ofisi, hata kwenye fomu ya kitambulisho. Alipomaliza kutueleza hakuna aliyejua la kusema. Mwalimu wa kwaya akatoa sauti, tukaendelea na mazoezi.

Ni yeye aliyetaka wimbo uwe na majina. Kwa hiyo mtakapousikia leo, baada ya mahubiri na kabla ya sadaka ya pili, msishangae kwamba ubeti wa tatu hauna vina vya kawaida. Ni orodha: Jones, Semler, George David, David Koi, na Matthew Wellington, mmoja wa waliobeba mwili wa Livingstone hadi pwani, aliyeishi Mombasa hadi 1935. Kisha kuna nafasi nne za kimya, kwa wasiojulikana majina, na hapo ngoma tu inapigwa. Tunawaomba wageni wasipige makofi katika nafasi hizo. Wimbo haujaisha.

Kiitikio kinataja kengele. Tulijadili kama tulete kengele ya kweli, tukaambiwa na mhasibu bei yake. Mtasikia pembetatu ya chuma.

Mwisho, ombi. Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue zina faili nyingi za utawala wa pwani, na ziko wazi kwa raia. Lakini faili hizo ziliandikwa na watawala. Zilizobaki ziko katika masanduku ya bati chini ya vitanda vyetu: vyeti vya ubatizo, picha za shule, barua, Biblia zenye tarehe za kuzaliwa kwenye jalada la ndani. Aliye na karatasi ya namna hiyo, iwe ya Freretown, Rabai, au ya bibi aliyewekwa rehani wakati wa njaa na kubaki, aje nayo. Kijana wetu wa vyombo vya sauti ataipiga picha na kuirudisha mkononi mwako papo hapo. Hatutabaki na karatasi ya mtu, na hakuna kitakachosomwa hadharani bila idhini ya mwenyewe. Meza iko upande wa kushoto wa mlango wa vestri, karibu na tangi la maji, kuanzia saa saba mchana hadi chakula kitakapokwisha.